Bei ya tangazo la gari mpya, kuna mtu alishaipata kweli akifika shorumu?

Gurudumu_la_Tano
Wakuu habari zenu, naombeni mwongozo kwa wale wanaoijua michezo ya shorumu maana mimi kichwa kinauma. Kuna gari naitaka, mpya kabisa sio mtumba, na kuna wakala mmoja kaitangaza mtandaoni kwa bei iliyo chini kuliko wengine wote, na tofauti yenyewe sio ya kubeza. Nikapiga simu, akapokea kijana mmoja mchangamfu balaa, "karibu sana bosi, gari ipo, wewe njoo tu." Namuuliza bei ni hii hii niliyoiona? Anajibu "njoo tutaongea, hatuwezi kushindwana." Kila nikirudia swali jibu ni njoo.

Basi nikaenda. Kufika naambiwa ile ya kwenye tangazo imeuzwa asubuhi hiyo hiyo, pole sana bosi, ila dada yake yupo pale nje na rangi yake nzuri zaidi. Huyo dada yake sasa kashawekwa tinti, kashafungwa alamu, kapakwa sijui dawa ya kulinda rangi, sijui upepo maalumu kwenye tairi, na kila kimoja kina bei yake juu ya bei ya gari. Nikawaambia sawa, niwekeeni oda ya nyingine kwa bei ya tangazo, mimi sina haraka. Hapo ndo likaja jipya: ile bei ni ya anayechukua mkopo wao, na anayerudisha gari ya zamani (yaani unawaachia gari yako na thamani yake inakatwa kwenye bei), halafu kuna ada za makaratasi ambazo hazimo mle. Mimi mpango wangu ni kulipa sehemu kubwa keshi na kilichobaki nichukue mkopo wa benki yangu.

Nimeondoka bila kusaini chochote. Cha kuchekesha tangazo liko hewani mpaka dakika hii naandika, bei ile ile, picha ile ile.

Sasa naulizia, kuna mtu humu alishaondoka na gari kwa bei aliyoiona kwenye tangazo? Alifanyaje? Na kisheria mtu huwezi kuwabana waiuze kwa bei waliyoandika wenyewe?

Bila_Breki
Hicho ni chambo mkuu. Kazi ya tangazo ni kukutoa nyumbani, kazi ya kukuuzia ni ya yule kijana mchangamfu. Achana nao tafuta wakala mwingine.

Mstaafu_wa_Shorumu
Bila_Breki unakimbia sana. Si kila bei ya chini ni uongo, mimi nimekaa miaka upande wa pili wa ile meza kabla sijaacha hiyo kazi na nimeshuhudia watu wakiondoka na bei ya tangazo vile vile ilivyo, ila walikuwa wachache na wote walikuja wamejipanga.

Kwanza elewa ile bei inavyotengenezwa. Meneja anachukua gari moja, narudia moja, mara nyingi ile ya toleo la chini kabisa lisilo na vikorombwezo, au ile ambayo imekaa uwanjani hadi watu wameizoea, rangi yake haina mteja, au modeli ya mwaka unaoisha wakati mpya zinakaribia kuingia. Anatoa punguzo lake. Halafu anajumlisha na mapunguzo yote ya kiwanda yaliyopo wakati huo, la mwenye mkopo wa kampuni, la mwenye kurudisha gari, la mwanafunzi aliyehitimu karibuni, la mwanajeshi, la aliyekuwa na gari ya kampuni hiyo hiyo zamani. Hayo yote anayapanga juu ya mteja mmoja wa kufikirika ambaye ni mwanajeshi na amehitimu juzi na ana gari ya kurudisha, mtu ambaye sijawahi kumuona akiingia mlangoni. Ndo maana bei inakuwa tamu. Ada za makaratasi na usafirishaji anaziacha nje kama sheria ya huko inamruhusu. Picha wanaweka ya toleo la juu lenye rimu za aloi na paa la kioo, chini kwa herufi za sisimizi wanaandika picha ni ya mfano tu.

Kwa hiyo swali la "bei ni hii hii?" kwenye simu halina maana kwake, yule kijana hata akijibu ndiyo hajadanganya, ni hii hii kwa yule mtu wa kufikirika. Na pia ujue amekatazwa kutaja bei kwenye simu. Analipwa kamisheni kwa gari iliyoondoka, na mtu aliyekwisha fika, amekaa, amekunywa maji, ameendesha gari mzunguko mmoja, ni mgumu sana kuondoka mikono mitupu. Wewe umeondoka, hongera, wengi hawawezi.

Sasa cha kufanya. Usipige simu, andika. Imeili ni nzuri zaidi, meseji inafaa. Na usiulizie "ile gari ya kwenye tangazo", ulizia namba. Karibu kila gari mpya ina namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, na shorumu nyingi zina namba yao ya stoo pia, mara nyingine zimo mle mle kwenye tangazo. Andika hivi: naulizia gari yenye chesisi namba fulani mliyoitangaza tarehe fulani kwa bei fulani, naomba mnithibitishie kwamba ipo na haijauzwa, na mnitumie profoma (ankara ya awali kabla ya kununua) yenye jumla ya mwisho ninayolipa mpaka naondoka nayo, mkitaja kila ada na kila kodi kwa jina lake, na kila punguzo lenye sharti mlitaje na sharti lake. Mimi sina gari ya kurudisha na malipo ni keshi pamoja na mkopo wa benki yangu. Basi. Usiweke maneno ya kubembeleza wala ya kutishia.

Ukiona wanajibu "karibu ofisini tutakuhudumia" bila kutaja namba hata moja, jibu umeshapata. Andika mara nyingine kwa meneja wa mauzo mwenyewe, sio kijana wa mapokezi, akirudia hayo hayo ondoka. Lakini utashangaa, wapo wanaojibu vizuri kabisa, hasa siku za mwisho wa mwezi au wa robo mwaka. Kampuni inayotengeneza magari inampa wakala malengo ya idadi, akiyafikia analipwa bonasi, na gari moja ya mwisho inayomvusha mstari anaweza kuitoa kwa hasara na bado akafurahi. Na kingine ambacho wateja hawakijui, yale magari yaliyopangwa pale nje mengi wakala hajayalipia kwa pesa yake mfukoni, kayachukua kwa mkopo na riba inatembea kila siku yanapokaa. Gari iliyokaa muda mrefu inamla. Ukikuta hiyo ndo ya tangazo basi bei ni ya kweli kwa sababu anataka iondoke.

HesabuTu
Mstaafu umemaliza karibu yote, mimi naongezea upande wa mkopo tu maana hapo ndipo bei ya tangazo inapoliwa na mtu asijue.

Wakishaona umeing'ang'ania bei watakubali bei, halafu wanakupeleka kwenye kile chumba cha makaratasi na swali linageuka: "unaweza rejesho la kiasi gani kwa mwezi?" Usilijibu hilo swali kabisa. Ukitaja rejesho watakupa rejesho unalotaka kwa kurefusha miaka. Chukua mfano wa kila elfu moja unayokopa, iwe pesa ya nchi yoyote. Riba asilimia 6 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio, miezi 60, unarejesha 19.33 kwa mwezi na jumla yake 1,160. Refusha iwe miezi 84, rejesho linashuka hadi 14.61, mtu anatabasamu, lakini jumla inapanda 1,227. Na hiyo ni ya salio, wakikwambia asilimia 6 "flati" kwa miaka mitano maana yake riba inahesabiwa kwenye deni lote la mwanzo hadi mwisho, unarudisha 1,300. Riba kwa jina ni ile ile, pesa sio ile ile, kwa hiyo uliza ni ya namna gani kabla hujalinganisha.

Sasa njoo kwenye punguzo lenye sharti la mkopo wao. Tuseme wakala A hana punguzo, gari 1,000, unachukua mkopo wa benki yako asilimia 6. Wakala B anakupa punguzo la asilimia 5, gari inakuwa 950, ila lazima uchukue mkopo wake wa asilimia 9. Wote miezi 60. Kwa A unamaliza deni ukiwa umelipa 1,160. Kwa B umelipa 1,183. Yaani punguzo limeliwa lote na umeongezea juu. Sehemu nyingi benki inampa wakala kiwango chake cha riba, yeye anaongeza asilimia zake juu na ile tofauti anabaki nayo yeye. Uingereza waliuona huu mchezo, FCA ambao ndio wasimamizi wa huduma za fedha wakapiga marufuku kuanzia Januari 2021 ule mtindo wa wakala kujipangia riba ili kamisheni yake ipande.

Ila kwa mtoa mada hesabu inaweza kugeuka kwa faida yake. Wewe unakopa kidogo. Kama sharti ni kuchukua mkopo wao tu bila kutaja kiwango cha chini, na mkataba hauna faini ya kulipa mapema, chukua mkopo mdogo kabisa, pata punguzo, ulipe lote miezi michache mbele au uuhamishie benki yako. Soma kipengele cha kulipa mapema kabla ya chochote, wengine wanataka mkopo ukae muda fulani ndipo punguzo lisirudishwe. Na nenda ukiwa na barua ya benki yako mkononi yenye riba waliyokuidhinishia, hapo na wao wana sababu ya kushusha.

Gurudumu_la_Tano
Asanteni sana wakuu. Nimelirudia tangazo nimelikuza kwenye simu, kumbe kuna kinyota kidogo pembeni ya bei na chini kabisa maandishi ya kijivu juu ya kijivu. Yameandikwa bei inajumuisha "mapunguzo yote yanayopatikana, si kila mteja atastahili", halafu "gari moja kwa bei hii", halafu tarehe ya mwisho ambayo bado haijafika. Namba ya stoo ipo! Nimeshawaandikia kama Mstaafu alivyosema. Nimepiga na skrinshoti.

Lakini hili la sheria bado linanikereketa. Tarehe haijaisha, namba ya gari ipo, bei ipo. Hiyo si ahadi?

kalamu_nyekundu
Mkuu swali zuri, na jibu lake litakuudhi kidogo.

Nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, tangazo la bei kwa kawaida halihesabiwi kuwa ofa inayokufunga wewe na muuzaji. Linahesabiwa ni mwaliko, yaani njooni tufanye biashara. Wewe mnunuzi ndiye unayetoa ofa ukienda na pesa, na yeye ana hiari ya kukubali au kukataa. Ndiyo maana ukisimama kaunta ukasema "nimekubali bei yenu niandikieni mkataba" bado hujafunga kitu.

Lakini kuna tundu. Tangazo likiwa wazi kabisa, linataja kitu mahususi, idadi na nani anastahili, mahakama inaweza kuliona ni ofa kamili. Kesi inayotajwa sana ni ya Minnesota, Marekani, mwaka 1957. Duka liliweka tangazo gazetini la vazi la manyoya la kujitanda mabegani, thamani dola 139.50, linauzwa dola 1, wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuhudumiwa. Akafika mwanamume wa kwanza kabisa na dola yake, wakamwambia utaratibu wa duka ofa hiyo ni ya wanawake tu. Mahakama ya juu ya jimbo ikasema huwezi kuongeza sharti baada ya mtu kufika, duka likatakiwa kumlipa dola 138.50 za tofauti. Unaona inavyofanana na yako? "Ooh ile ni ya wenye mkopo wetu." Tofauti ni kwamba wako walijikinga kwa kile kinyota. Sharti lilikuwepo tangu mwanzo, hata kama limeandikwa kijivu juu ya kijivu.

Na ya magari kabisa ipo, California mwaka 2001. Wakala alitangaza Jaguar iliyotumika kwa dola 25,995, mteja akaenda akaiendesha akasema naichukua, wakamwambia gazeti limekosea, bei yetu ni 37,995. Jimbo hilo sheria yake ya magari inamtaka wakala auze kwa bei aliyotangaza kwa gari ambayo haijauzwa, kwa hiyo Mahakama Kuu ya California ikakubali kwamba tangazo lilikuwa ofa na mkataba ulikuwepo. Halafu ikauvunja huo mkataba! Kwa sababu kosa lilikuwa la kweli, la uchapaji, na kumlazimisha auze kwa bei ile kungekuwa kumuonea. Mteja hakupata gari. Kwa hiyo hata pale sheria ilipo upande wako, bei iliyoandikwa kwa bahati mbaya haikusaidii. Inayokusaidia ni ile waliyoiandika makusudi.

Na kuwabana kwa njia ya mkataba ni kitu kimoja, kuwaripoti kwa mamlaka ya kumlinda mlaji ni kitu kingine, na hicho cha pili ndicho wanachokiogopa. Umoja wa Ulaya, agizo lao la mwaka 2005 kuhusu biashara zisizo za haki limeorodhesha mambo yaliyokatazwa moja kwa moja bila mjadala, na mojawapo ni kutangaza bidhaa kwa bei fulani wakati muuzaji ana sababu ya kuamini hatakuwa nayo kwa kiasi cha kutosha bila kusema hivyo. Jingine ni kutangaza kimoja kisha kukataa kukionyesha ili akuuzie kingine. Kwa hiyo tangazo kubaki hewani baada ya gari kuuzwa si jambo dogo. Ile skrinshoti yako irudie, piga ukurasa mzima, anwani ya tovuti ionekane, tarehe ionekane, na herufi za sisimizi zisomeke. Skrinshoti ya bei na picha peke yake haina kazi.

Kingine, wenye kununua Marekani wana ile karatasi ya dirishani kwenye kila gari jipya, iko kisheria tangu 1958, inaonyesha bei ya kiwanda iliyopendekezwa, kila nyongeza iliyofungwa kiwandani na gharama ya kusafirisha. Karatasi nyingine inayobandikwa pembeni yake na wakala, yenye tinti na dawa ya rangi, hiyo ni ya wakala mwenyewe na inajadilika yote. Hata sehemu ambazo sheria kama hiyo haipo, omba orodha ya kiwanda ya vifaa vya gari hiyo ujue nini kilikuja nayo na nini kimeongezwa pale uani.

mama_wawili
Mimi naomba nipingane kidogo na mwelekeo wa huu uzi. Mnahangaika sana na bei ya TANGAZO. Hiyo namba ni ya wakala, kaichagua yeye akaiweka pale anapotaka uangalie. Namba yako wewe ni ile ya mwisho, unayolipa unaondoka na gari. Nilipokuwa nanunua niliwaandikia mawakala kadhaa meseji moja kwa wote, gari toleo hili, rangi hizi mbili nakubali yoyote, nitumieni jumla ya mwisho. Aliyekuwa na tangazo la bei ya chini kuliko wote ndiye aliyekuja na jumla kubwa kuliko wote, maana aliongeza ada ya makaratasi ya ajabu na vikorombwezo vya lazima. Niliyenunua kwake hata tangazo hakuwa nalo, bei yake ya kwanza ilikuwa ya kawaida kabisa ila hakuongeza kitu juu.

Na hivyo vikorombwezo jamani. Upepo maalumu kwenye tairi ni naitrojeni. Hewa hii tunayovuta ni asilimia 78 naitrojeni tayari, unalipia ile iliyobaki. Dawa ya rangi wanayopaka kwa mchana mmoja wanakuuzia kama wamekujengea nyumba. Kuchora namba ya chesisi kwenye vioo ni kazi ndogo mno ukilinganisha na pesa wanayotaka. Wakisema "gari zetu zote zinatoka hivi, hatuwezi kuvitoa", wajibu sawa msivitoe, toeni bei yake kwenye bei ya gari. Usibishane kama kitu ni kizuri au kibaya maana wamefundishwa majibu ya hayo yote, wewe baki kwenye jumla. Jumla jumla jumla.

Bila_Breki
Mama hapo nakubali, ila kuna ule ushauri wa kupeleka profoma ya wakala mmoja kwa mwingine ili ashushe bei, mimi nilijaribu wakanicheka, eti "kama kweli anakupa hiyo bei kwa nini hujanunua kule?"

Mstaafu_wa_Shorumu
Hilo ni jibu la kwenye vitabu, tulifundishwa wiki ya kwanza. Dawa yake ni kusema ukweli: sijanunua kule kwa sababu nyinyi mko karibu, au rangi yenu ndiyo naitaka, mkiifikia namaliza leo. Meneja akisikia "namaliza leo" anakaa vizuri kwenye kiti. Atataka kuiona ile profoma, mwonyeshe, sio siri, ila hakikisha gari ni toleo lile lile na vifaa vile vile maana kitu cha kwanza anachotafuta ni sababu ya kusema hizi gari mbili hazifanani. Na kama bei ile ina punguzo ambalo wewe hustahili, hatafananisha, atakuonyesha kinyota na mjadala umekwisha. Ndiyo maana bei ya tangazo lenyewe haina nguvu kama silaha, profoma yenye jina lako ndiyo yenye nguvu.

Na mama_wawili, nakukubalia kwenye jumla, ila usiidharau bei ya tangazo moja kwa moja. Kama gari ipo kweli na imekaa, ile ndiyo sehemu pekee ambayo wakala ameshajitaja mwenyewe kwa maandishi kabla hajakuona uso. Mimi ningeanzia hapo.

Gurudumu_la_Tano
Wakuu wamejibu!! Meneja mwenyewe. Anasema gari ya namba ile ya stoo IPO, "kulikuwa na mkanganyiko" siku ile. Katuma profoma, bei ya tangazo bila lile punguzo la kurudisha gari na la mkopo wao, yaani iko juu kidogo ya tangazo lakini bado chini ya kila mtu mwingine, na ada za makaratasi kaziandika mstari kwa mstari. Alamu na tinti hakuna. Ila anataka nilipe amana leo ili asiiuze. Nilipe?

HesabuTu
Mkanganyiko hahaha. Iliyouzwa asubuhi imefufuka.

kalamu_nyekundu
Lipa kama risiti itakuwa na haya: namba ya chesisi yote 17, jumla ya mwisho ile ile ya profoma, neno kwamba amana inarudishwa yote usipokamilisha, na mpaka tarehe gani wanaishikilia. Risiti ya "amana ya gari" bila namba ya chesisi haijashika gari yoyote, wanaweza kukupa ile dada yake. Lipa kwa kadi au benki, sio keshi mkononi, na amana iwe ndogo. Akikataa kuandika kwamba inarudishwa basi hataki amana, anataka kukufunga.

Siku ya kusaini lete profoma na uiweke pembeni ya mkataba, linganisha mstari mmoja mmoja kabla ya kalamu. Ongezeko la dakika ya mwisho huwa linaingia na majina ya heshima, "kifurushi cha ulinzi", "huduma ya maandalizi". Dhamana ya nyongeza na bima ya mkopo huwa ni hiari sehemu nyingi hata kama zimeshachapwa kwenye fomu, muulize ni sheria ipi inazilazimisha. Na usiondoke na gari kabla mkopo haujaidhinishwa kwa maandishi. Kuna wanaokuachia uondoke kwa furaha halafu siku chache baadaye wanakupigia kwamba benki imekataa, rudi usaini upya kwa riba ya juu zaidi.

Mstaafu_wa_Shorumu
Kabla ya amana nenda ukaitazame kwanza hiyo gari kwa macho, linganisha chesisi ya kwenye dashibodi na ya kwenye profoma. Bei ikiwa chini kiasi hicho na gari "ikafufuka", mimi ningeangalia kama imekaa uwanjani muda mrefu au ilikuwa ya majaribio ya wateja. Soma kilomita zake. Soma ubavu wa tairi, zile tarakimu nne za mwisho za msimbo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2324 ni wiki ya 23 ya 2024. Betri muombe waipime ukiwepo. Kama imekaa sana siyo lazima uikatae, gari ni nzima, ila muulize dhamana ya kiwanda inaanza kuhesabiwa lini, siku unayoichukua wewe au siku waliyoisajili wao, na hilo nalo liandikwe kwenye profoma kabla hujatoa hata senti.